Mkuyu wa Nakijwa

Kaeni vizuri, na anayesinzia aende kwao.

Huko Upare walikuwapo viumbe wawili, na mimi sikumpenda hata mmoja. Wa kwanza ni kima wa Bara Hindi, aliyemtoroka tajiri aliyemfuga. Alijaliwa mikono kama ya binadamu, akaitumia kuiba mahindi na kujikuna matako mbele za watu. Wa pili ni uteute wa manjano, ule unaotambaa kwenye magogo yaliyooza kama matapishi ya mbwa. Hauna kichwa wala jicho, ila umejaliwa kuujua unyevu hata ukijificha.

Kisima cha mama mmoja wa huko, Nakijwa, kilikauka wiki ileile binti yake Nanzia alipojifungua. Mzazi hajatoka ndani, kichanga kinataka kuogeshwa, na mto uko chini bondeni. Majirani wakaja kutoa pole, wakanywa maji ya mwisho mtungini. Nakijwa akatamka mbele yao kwamba atakayempatia maji, mkuyu wa uani ni wake.

Uteute ukatambaa, mvivu kama mtu aliyetumwa asikotaka, ukajikusanya juu ya jiwe kubwa mteremkoni, maana uliujua unyevu ulioko chini yake. Kulisukuma haukuweza. Ungelisukuma na nini?

Kima akaona manjano, akadhani ni chakula. Akaramba, akatema, akasema basi kitamu kitakuwa chini. Akaling'oa jiwe. Maji hayo, yakabubujika.

Kima akaja mbio kudai mkuyu wake, usimame vivyo hivyo ale matunda. "Mama, jiwe nimelitoa kwa mikono hii. Lile tapishi limefanya nini zaidi ya kulala?"

Uteute hauna mdomo, kwa hiyo Nanzia akausemea kutoka chumbani. "Mama, huyo angeyapita hayo maji mpaka azeeke. Uteute ndio uliomwonyesha, na wenyewe chakula chake ni mti uliooza. Ukatwe."

Mkuyu ukisimama, uteute hauna chake. Ukianguka, kima hana tunda. Nakijwa hawezi kulimeza neno lake, maana majirani walewale wamejaa uani kutazama, kazi pekee wanayoiweza. Mkwewe, mume wa Nanzia, ameshika shoka, anauliza akate au aache.

Haya, ninyi mnaojiona mna akili kuliko kima, mwambieni. Akate au aache? Msinitumbulie macho.