Kidole cha Mejumaa

Acheni kumcheka Umazi kwa shavu lake linalobonyea. Kaeni vizuri niwaambie lilikotoka.

Hapo kale binadamu hakuwa na ngozi. Uso wake ulikuwa vinundu vilivyotawanyika tu: paji hapa, pua pale, kidevu kule chini, na katikati mashimo ambamo upepo ulipiga miluzi. Mtu akienda kuchota maji asubuhi ya baridi, alirudi analia.

Wakamwendea Bibi Nyamvula, fundi wa kuwamba ngoma, wakamwomba awawambe nyuso. Wa kwanza alimfuatishia ngozi kila kinundu na kila shimo, asiruke hata kimoja. Lo! Akatoka na vipele kama ganda la fenesi. Wa pili akamkazia ngozi hadi masikioni. Alipendeza kweli, ila maskini hakuweza kutafuna wala kucheka. Bibi akawavua wote wawili, akawaomba radhi, akaanza upya. Safari hii akailowesha ngozi, akailegeza kidogo, ikapita kwa upole, vinundu vingine ikivigusa, vingine ikivikaribia tu. Kishimo kilichojitenga peke yake alikifunika, akaendelea na kazi. Nyuso zikatoka laini, watu wakapiga vigelegele.

Wa mwisho alikuwa Mbeyu, mjukuu wake wa miezi mitatu. Mama yake mtoto, Mejumaa, binti pekee wa Nyamvula, alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua. Kabla ya kukata roho alimgusa mwanawe shavuni, na pale kidole kilipogusa pakabaki kishimo kidogo. Hakuacha kingine duniani.

Bibi akatandaza ngozi. Kishimo kikapotea. Bibi akaacha kazi.

"Bibi, ni kimoja tu hicho," jirani mmoja akamwambia. "Mbona vyetu umevifunika? Mtoto kapendeza, mwache."

"Vyenu ni vya kugongwa na matawi," akajibu. "Hiki ni mwanangu." Akalia mbele yao wote, wala hakujificha.

Alijua akiivuta ngozi ishuke pale, shavu zima litakunjamana. Akafikiri sana. Mwishowe akachukua uzi mmoja mwembamba, akashona kutoka ngozini hadi kishimoni, akauacha umelegea. Mtoto alipotulia, shavu lilikuwa laini kama la wenzake. Bibi akamtekenya. Mbeyu akacheka, uzi ukavuta, na alama ya kidole cha Mejumaa ikatokea palepale.

Kila asubuhi, hadi uzee wake, Nyamvula alimchekesha mtoto yule kabla hata ya kuwasha moto.

Na tangu siku hiyo, wapo watu ambao mashavu yao hubonyea wakicheka. Ni uzao wa Mbeyu hao, na ule uzi wanao bado. Haya Umazi, njoo hapa karibu. Futa machozi, mama, ucheke kidogo, tumwone Mejumaa.