Gunia Ndani ya Chemba

Mmeamka salama, wapendwa? Basi kaeni vizuri, na wale wa nyuma msianze kuziba pua mapema, maana leo nawapeleka chooni. Ndiyo, chooni! Mlitaka niwapeleke wapi, bustanini?

Kulikuwa na fundi bomba mmoja, fundi wa chuma, na kwa miaka ishirini mji ule haukujua fundi mwingine. Choo kikiziba, yeye. Bomba likipasuka, yeye. Na yale mabomba ya chuma mnayajua: yanaota kutu kwa ndani, kutu inashika kila kinachopita, miezi mitatu haiishi uchafu umegoma njiani. Watu wanamkimbilia: "Fundi, tuokoe!" Naye anakuja taratibu, spana begani, kifua mbele kama bwana harusi.

Siku moja akahamia fundi mwingine na mzigo wa mabomba ya plastiki. Mepesi! Mtu mmoja anabeba sita huku anapiga mluzi. Yule wa chuma akacheka mpaka akakaa chini.

"Bwana mdogo, hiyo mirija unampelekea nani soda?"

"Shikamoo, fundi," akajibu yule wa plastiki, akacheka naye, akapita zake kuchimba mtaro. Akayalaza mabomba kwa uzi na pimamaji, akayapa mteremko, akayaunga kwa gundi, akafukia. Mwezi ukapita. Mwaka ukapita. Hakuna kilichoziba. Ndani ni laini, kila kitu kinateleza kwenda zake shimoni. Na mji mzima hakuna tena aliyeita, "Fundi, tuokoe!"

Jamani, mnaujua wivu? Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini kwenye wivu nina digrii. Yule bwana hakulala njaa, kazi ndogondogo alikuwa nazo. Kilichomuuma ni kutoitwa. Anapita na spana yake, watu wanamsalimia kama wanavyosalimia mtu yeyote! Roho ya kwa nini ikamkaa: kwa nini yule? Kwa nini si mimi?

Kilichomtia kidonda kabisa ni kazi ya mama mmoja mjane. Magoti ya mama yalikuwa yamechoka. Kwenda choo cha nje, nyuma ya migomba, ilikuwa safari ya kushika ukuta. Fundi wa plastiki akamwekea choo ndani ya nyumba, na uani akajenga chemba, kile kishimo chenye mfuniko cha kukagulia maji machafu yakipita.

Basi yule wa chuma akaanza ibada yake. Kila asubuhi, kabla ya chai, anaingia uani, anafunua chemba, anachungulia. Anaomba aikute imeziba. Haijaziba. Anafunika, anaondoka amenuna. Mtu mzima, ana mke na watoto, anaamka kunusa choo cha jirani, na kinachomuudhi ni kwamba kinapitisha vizuri! Msicheke sana, nitawafikia.

Asubuhi moja akaja na gunia kuukuu kwapani. Akalikunja, akalisokomeza kwenye bomba la kutokea, akalikandamiza kwa spana mpaka likakaza. "Tuone sasa kama plastiki haizibi." Akafunika. Anageuka hivi, mama huyu hapa, kikombe cha chai mkononi.

"Mwanangu, pokea chai."

"Mama, mimi napita tu."

"Unapita kila siku! Unadhani sikuoni dirishani? Kazi si yako, lakini unaikagua kama yako. Nikamwambia mwenzako, huyu mtu ana upendo."

"Akasemaje?"

"Akafurahi! Amepata kazi ya zahanati. Anasema kule chini kuna mabomba ya zamani ya chuma, hajui yamepita wapi, na anayejua ni wewe peke yako. Mara tatu amefika mlangoni kwako kukuomba msaidiane, akarudi. Anaogopa utamcheka."

Akapokea kikombe, akaigugumia chai ya moto.

"Kunywa taratibu, baba," mama akasema. "Mimi naingia chooni mara moja." Akajikokota ndani.

Hebu simameni naye hapo. Akiondoka, hakuna shahidi. Maji yatarudi yajae ndani kwa mama, fundi wa plastiki ataumbuka, na mji utaanza kumwita upya. Akibaki alitoe gunia, mama atamkuta na mikono michafu, na atauliza. Wewe ungefanyaje, dada yangu wa kilemba cha bluu? Nyamaza tu, najua.

Akasikia maji yanamiminika chooni. Akatupa kikombe, akafunua chemba. Maji yanapanda! Akalala kifudifudi, akazamisha mkono mpaka begani, akalishika gunia. Limevimba, halitoki. Akavuta tena kwa nguvu zote. Likafyatuka, likamrushia uchafu usoni, na maji yakanywea yakaenda zake. Kuinua kichwa, mama yuko mlangoni.

"Fundi! Umetoa nini humo?"

Angeweza kusema, ni bomba la yule kijana, mama, plastiki haifai. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Akafuta jicho moja.

"Nilichoweka mwenyewe, mama."

Mnataka kujua kama ile kazi ya zahanati waliifanya pamoja? Sisemi. Nauliza habari zetu sisi.

Sisi je? Mwenzako kajenga, umechungulia. Binti wa jirani kafaulu, umenuna siku tatu. Na wengine hatukuishia kuchungulia. Tumesokomeza neno mahali, kwa bosi, kwa mama mkwe, hata kwa mchungaji, tukafunika, tukaja hapa kuimba kwaya! Halafu tunamwomba Mungu atusafishe kwa mbali, tusilowe hata kucha. Hapana. Gunia lako unajua mwenyewe ulipolikandamiza. Na huenda huyo unayemwonea kijicho amefika mlangoni kwako mara tatu akarudi.

Ukitoka hapa usije kunipa mkono mimi. Nenda kwake. Lala kifudifudi, zamisha mkono, vuta, na ukiulizwa, sema. Utanuka, watu watakuona, wengine tutakucheka, na mimi nitakuwa wa kwanza. Nuka tu, ndugu yangu. Kesho utaoga.