Karata Saba za Mama Nguchiro

Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, Mama Nguchiro aliishi ndani ya kichuguu na wanawe wanne. Mvua ikinyesha walicheza karata za matunda, karata saba alizozichora mwenyewe.

Siku moja, mvua ikimwagika, puu! Makalio makubwa yakaziba mlango. Alikuwa Ngiri, ambaye kila nyumba huiingia kinyumenyume. Mkewe alibaki nje, analowa.

"Hameni!" Ngiri akanguruma. "Kuanzia leo hapa ni kwetu!"

Watoto wakaangua kilio. Lakini mama yao akili haikumtoka.

"Kaka Ngiri, tucheze kwanza. Kila karata ina matunda matatu. Mkipata karata mbili zisizo na tunda la kufanana, tunahama na mvua hii hii. Mkikosa, mnaondoka, wala hamrudi."

Mke wa Ngiri akajipenyeza ndani, akahesabu kwa kwato. "Mume wangu! Ukizipanga mbilimbili ni jozi ishirini na moja! Zote zifanane? Thubutu! Kubali!"

"Nimekubali!" Ngiri akachomoa mbili, pa! "Embe, ndizi, pera. Na hii... fenesi, nanasi, ndizi."

"Ndizi!" watoto wakapiga kelele.

Pa! "Pera, chungwa, nanasi. Nanasi, embe..."

"Nanasi!"

"Bahati tu hiyo!" Ngiri akafoka. Pa! Pa! Pa! Jozi ya kumi. Jozi ya kumi na tano!

"Chagua vizuri, wewe!" mkewe akamkaripia.

"Kwani nafanya nini?"

Jasho likamtiririka hadi puani. Ikabaki jozi moja tu. Watoto wakashikana mikono. Ngiri akafunua: papai, pera, fenesi. Akafunua nyingine: chungwa, fenesi...

"Feneeesi!"

Oyooo! Kichuguu kizima kilirindima. Ngiri akarudi mvuani, mkewe akimsonya njia nzima.

Mnaitaka siri? Mama Nguchiro aliyapanga matunda kwa duara: embe, ndizi, papai, pera, chungwa, fenesi, nanasi. Kila karata akaianzia kwenye tunda jingine, akiimba, "Chukua, chukua, ruka, chukua!" Ukifanya hivyo, karata zozote mbili zitakutana kwenye tunda moja. Lazima! Chora uone.

Basi wanangu, kabla hamjakubali mchezo, ulizeni kwanza ni nani aliyezichora karata.