Kindi Aliyeiba Kidani Akapewa Mama

Niwape ngano, nisiwape?

— Tupe!

Na uongo wake niwape?

— Huo ndio tunaoutaka!

Basi sogeeni. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole, wenzako wasikie.

Palikuwa na kindi mmoja, jina lake Kabula. Mwili mdogo, mkia mkubwa, vidole vyepesi. Kazi yake ilikuwa kuiba mapambo. Kanga akilala, akiamka hereni hazipo. Swala akioga mtoni, akitoka bangili hazipo. Pundamilia akipiga chafya, chyaa, akifumbua macho kipini hakipo. Msinitazame hivyo, sikumtuma mimi. Mimi nampenda tu.

Kabula hakuwa na ukoo. Alizaliwa njiani, akakulia njiani, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama amekula.

Sasa Fisi alikuwa na kidani cha yakuti, chekundu, kinametameta. Alikipata kwa Tembo. Alikwenda kwa Tembo kutembea, akala, akala, akala, mpaka Tembo akamvua mkewe kidani akampa Fisi ili aondoke. Fisi akila, amekivaa. Fisi akilala, amekivaa.

Siku moja mchana, Fisi ameshiba mzoga wa nyati, yuko chali anakoroma, kroo, kroo. Kabula akaja, nyapa nyapa nyapa. Akafungua kifungo, tik. Akaondoka, nyapa nyapa nyapa.

Fisi akaamka, akajishika shingo. "Nitamtafuna na mkia wake," akasema. Akaweka pua chini, hfu, hfu, hfu.

Kabula akavuka mbuga, Fisi nyuma. Akavuka mto, Fisi nyuma, lakini maji yakampotezea harufu. Kabula akavuka kilima, akafika kisima cha kijiji asichokijua. Akina mama wa kindi walikuwa wanateka maji. Mmoja akatua mtungi wake.

"Jamani, huyu si Misoji? Misoji wa Bi Limi, aliyeolewa mbali tusimsikie tena?"

Wakamzunguka. "Ndiye huyu. Utazame huo mkia."

Kabula hakuzoea kupewa vitu, lakini akipewa hakatai. "Ndiye mimi," akasema. "Nimerudi."

Wakampeleka kwa vigelegele hadi kwa Bi Limi. Huyo alikuwa kindi mzee, mjane, macho yana mtoto wa jicho, haoni ila ukungu. Akampapasa Kabula usoni, akampapasa masikio, akampapasa mikono. Akarudia tena masikio. Kabula akaanza kuangalia mlango uko upande gani.

"Umekonda, mwanangu," akasema Bi Limi. "Umekula?"

Kabula akatikisa kichwa, akasahau kwamba bibi haoni.

Akaficha kidani darini, akasema moyoni, nitakaa mpaka Fisi achoke kunusa. Asubuhi akatwanga, twi, twi, twi. Jioni akamkuna Bi Limi mgongo, kwaru, kwaru, kwaru. Kila akisema kesho naondoka, Bi Limi anasema, "Kesho tupike kunde, mwanangu," naye Kabula anabaki ale kunde. Msimu ukapita. Ati kunde! Alikuwa ameshampenda yule mama, basi.

Siku moja wamekaa wanapukuchua mahindi, Bi Limi akasimulia mazishi ya mumewe.

"Fisi alikuja msibani. Ukoo wetu na ukoo wake ni watani tangu mababu. Mtani akichukua kitu haitwi mwizi, anataka kikombolewe kwa malipo tu. Na ukimkasirikia, mwenye kosa ni wewe. Basi akashuka kaburini, akalala chali. Akasema, hazikwi mtu hapa mpaka nipewe ng'ombe mzima. Nasi tulikuwa na mmoja."

"Mkampa?"

"Tukampa, na tukacheka. Utani ni utani. Nililia baadaye, nikiwa peke yangu."

Kabula akaacha kupukuchua.

Haukupita muda mrefu. Hfu, hfu, hfu, pua ikatokea uani, na Fisi nyuma yake. Watu wakakusanyika.

"Mwizi wangu yumo humu," akasema Fisi. "Harufu ni ile ile."

Kabula angeweza kuruka darini, achukue kidani atoweke. Alishaponyoka makucha mengi. Lakini Fisi angemgeukia Bi Limi, na Bi Limi angepotelewa na binti mara ya pili. Kabula akatoka nje, safari hii bila kunyapa.

"Shikamoo, babu mtani."

"Mtani wako nani?"

"Aliyelala kaburini kwa marehemu, akala ng'ombe mzima, alikuwa nani?"

Fisi akalamba midomo. "Mimi. Na alikuwa mtamu. Utani ni utani."

"Utani ni utani," akaitikia Kabula. Akaingia ndani, akatoka na kidani kimemning'inia shingoni. "Basi nami nilikuja kwako, nikakukuta umelala chali, nikakutania."

Watu wakaanza kucheka, kwi, kwi, kwi. Fisi akaona anakwama.

"Huyu si wa ukoo huu. Ni kindi wa njiani. Bi Limi, sema mbele ya watu, ni mwanao?"

Watu wakamgeukia Bi Limi. Kabula alikuwa amedanganya wanyama wote wa mbuga bila kupepesa, lakini sasa akainamisha uso. Bi Limi akaja na mkongojo wake, akampapasa taratibu.

"Binti yangu huyu," akasema. "Na kidani ukikitaka, mtani, kikomboe. Lete ng'ombe mzima, na pembe zake."

Ng'ombe? Fisi alishawala ng'ombe wake wote mpaka kwato. Akavimba kwa hasira, akafunua meno, watu wakamtazama. Mtani hakasiriki. Basi na yale meno yakiwa nje, akacheka. Hii-hii-hii. Akaenda zake akicheka hivyo, machozi yanamtoka. Hata leo mkimsikia porini, msidhani amefurahi.

Watu wakatawanyika. Bi Limi akamketisha Kabula karibu yake.

"Misoji hajawahi kusonga ugali usio na madonge," akasema. "Siku ya kwanza tu uliponisongea, nilijua."

Kabula akalia. "Na akirudi, je?"

"Akirudi nitakuwa na wawili. Haya, niambie jina lako, nikuite tukiwa peke yetu."

"Kabula." Hilo lilikuwa jambo la kwanza la kweli kusema juu yake mwenyewe katika nyumba ile.

"Haya, Kabula. Vua hicho kidani, kisije kikaingia kwenye unga."

Ngano yangu imechoka, inataka kukaa. Nani ana kiti?

— Ninacho!

Basi ikae, tusikie funzo. Wizi ni mbaya. Kujiita jina la mtu ni kubaya zaidi. Na anayefanya yote mawili huishia pabaya, kwenye nyumba yenye ugali wa moto, mama wa kumkuna mgongo, na yakuti shingoni. Kwa hiyo msiibe, watoto wangu. Mmesikia?

— Tumesikia!

Mbona mnacheka?