Kigoda cha Nanzia

Hapo zamani, kabla sufuria hazijapanda mlimani kuwatia wafinyanzi njaa, aliishi mjane mmoja huko Upare, jina lake Namkunda. Vyungu vyake havikuvuja kamwe. Kilichovuja ni ulimi wake. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, msichana aitwaye Nanzia.

Asubuhi moja ya masika Nanzia alichelewa kuamka. Namkunda akamfokea, "Mvivu wewe! Utaolewa na nani, na kitanda? Nenda ukachimbe udongo!"

Msichana akachukua jembe na kikapu, akaenda bila kuaga. Ukingo wa shimo ulikuwa umeshiba mvua. Ukamporomokea. Walipomfukua, alikwisha kufa.

Namkunda hakulia. Sikieni vizuri: hakulia. Alikaa ukutani, miguu kainyoosha, hali, halali, hasemi. Watu wakaja kuhani, wakasema yale yasemwayo, "Pole mama, kazi ya Mungu haina makosa," wakala, wakafuta midomo, wakaenda zao. Siku ya nne mashavu yake yalikuwa yamebonyea, na wazee wakaanza kunong'onezana habari za kaburi la pili.

Wapo watatu ambao hawakuridhika na kusema pole.

Nakiete, jirani yake asiye na mtoto, aliingia na kuni kichwani. Akachemsha maji, akamwogesha kama mzazi aliyetoka kujifungua, akamkanda miguu kwa samli. Akakokota kitanda chake mwenyewe mpaka pale, yeye akalala chini. "Lala, dada. Usifanye lolote, usifikiri lolote. Mimi nipo." Akamnywesha uji, tone kwa tone. Namkunda akalala kutwa nzima. Alipoamka akarudi ukutani, kimya kama jiwe la kusagia. Lakini alikuwa amelala.

Siku ya saba akaja Kiondo, mchukuzi wa vyungu, mwanamume aliyekwisha kuzika watoto wake wawili. Akachuchumaa mbele ya Namkunda.

"Asubuhi ile nilikutana na Nanzia njiani," akasema. "Alikuwa anacheka. Akaniambia, 'Baba Kiondo, mama kanikaripia, lakini ana haki yake. Nikirudi nitampikia makande.' Nikaona nikuletee hayo maneno."

Namkunda akalia! Alilia mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Alipomaliza akaomba maji. Kisha akasema kwa sauti nyororo, "Asante, Kiondo. Umenifariji. Sasa naweza kumfuata mwanangu bila kinyongo."

Mmesikia? Kalala, kalia, katulia, na sasa yuko tayari kufa vizuri. Akageukia ukuta, na uji wa Nakiete akaukataa.

Siku ya kumi na mbili akaja Nambike, wifi yake. Hakubisha hodi. Mkononi alikuwa na donge la udongo mbichi, akalitupa mapajani mwa Namkunda, pwaa!

"Shika."

"Wifi... huu ni wa shimo lile?"

"Ni huo huo. Walipomfukua mwanao, kikapu kilikuwa kimejaa. Alikuchimbia wewe, hakunichimbia mimi. Unataka ukauke bure?"

Namkunda akainuka, mara ya kwanza tangu mazishi, akampiga kofi.

"Kumbe mkono unao!" Nambike akacheka. "Nipige tena. Lakini kula kwanza, kofi lako halina chumvi."

Namkunda alikula makande sahani mbili kwa hasira tupu, apate nguvu za kumpiga wifi yake. Alipoinua mkono akauona una udongo. Akautazama. Akakaa chini, akaanza kuukanda. Mpaka jua linapinduka chungu kilikuwa kimesimama. Kesho yake akafinyanga kingine.

Sasa, desturi ya kijiji kile ilisema mfiwa hagusi udongo mpaka siku ya arobaini, matanga yaanuliwe. Anayemgusisha hufungiwa shimo la udongo, asichimbe mwaka mzima. Nambike alijua, naye ni mfinyanzi asiye na shamba. Wazee wakamfungia, naye hakuomba msamaha.

Na desturi nyingine ni hii. Siku ya kuanua matanga, mzazi aliyefiwa hutoa kigoda cha marehemu, akampa mtu aliyemfariji. Huyo ndiye anayekaa kwenye jiko lake kama mwana, anayemchimbia udongo, na siku ya mwisho ndiye anayemzika. Kigoda kisipotoka kabla ya jua kuzama, huchomwa pamoja na mikeka ya msiba, na mzazi huyo atazikwa na wapita njia.

Siku ya arobaini ikafika. Namkunda akasimama uani, kigoda mkononi.

Nakiete akasema, "Dada, nilikuosha wakati hata nzi walikuwa hawakuogopi. Nyie wawili, angekufa huyu kabla hamjafika na maneno yenu. Maiti hasikii maneno, wala hakandi udongo."

"Wewe ungemlaza mpaka uyoga ukaota juu yake!" Nambike akamkata.

"Na wewe ulimrushia udongo uliomuua mwanawe! Ng'ombe ana huruma kukushinda."

"Ng'ombe hajamwinua mtu ukutani. Mimi nimemwinua. Na shimo nimefungiwa kwa ajili yake. Kitanda chako umerudishiwa, mimi mwaka wangu nitarudishiwa na nani?"

Kiondo akakohoa. "Mwili ulioshwa, mkono uliamshwa. Moyo je? Alikuwa anajiona muuaji. Mzigo huo nilimtua mimi."

Nambike akamgeukia. "Ulimtua kwa uongo. Siku ile hukuwapo kijijini. Ulishuka gulioni tangu jana yake, na vyungu vyangu viwili ulikuwa navyo mgongoni. Ulikutana na Nanzia njia ipi?"

Namkunda akamtazama Kiondo. "Sema."

"Sikukutana naye," Kiondo akasema. "Nilipozika wangu, kila mtu aliniambia kweli. Haikunisaidia. Nikasema wewe usipitie nilikopita."

"Kwa hiyo mwanangu alikwenda amenuna."

"Sijui, mama. Hakuna ajuaye."

Watu wakadhani atarudi ukutani. Nakiete tayari alikuwa amenyoosha mikono amdake. Namkunda akamsukuma kando.

"Niacheni. Sianguki." Akavuta pumzi. "Kwa yule nililala. Kwa huyu nililia, na machozi yalikuwa ya kweli hata kama habari ilikuwa ya uongo. Kwa wifi yangu nilisimama, na bado namchukia. Kigoda hiki hakitachomwa. Nampa mtu leo."

Jua likawa limegusa mlima. Mmoja wa wazee akaanza kukusanya mikeka. Nakiete kasimama, Kiondo kainamisha kichwa, Nambike kakunja mikono kifuani, na Namkunda akapiga hatua ya kwanza kuwaendea.

Haya, nyie mliokaa mnatikisa vichwa kama mnajua. Msiniambie wagawane, kigoda ni kimoja na anayekalia ni mmoja. Aliyemlaza, aliyemliza, na aliyemsimamisha: kati ya hao, nani alistahili kukaa mahali pa Nanzia?