Jina la Nukta Nyekundu

Jumatano, tarehe kumi na nane Machi, saa tisa na dakika ishirini alasiri, Rukia binti Shoka alisikia kitu kikipumua mbinguni.

Nifuateni polepole. Katika uwanda mmoja mkavu, mbali na miji, palikuwa na kituo cha kuchunguza nyota, na humo watu watatu waliojaliwa na Mungu. Rukia alijaliwa masikio. Shamte alijaliwa macho. Bi Tunu, mjane, alijaliwa hesabu na subira.

Rukia ndiye aliyesikiliza mawimbi ya redio yanayonaswa na sahani kubwa za chuma, ambazo hufanya kazi hata jua likiwaka. Siku ile ulikuja mkwaruzo mwembamba, ukipanda na kushuka kama pumzi za mtoto aliyelala. Akavua hedifoni. Nje upepo ulikuwa umekata, na sahani zote zilitazama upande mmoja.

"Hiyo ni pampu ya maji ya kijijini," Shamte akamwambia. "Dada Rukia, ukiendelea hivi utasikia mchwa wakigombana."

Kesho yake sauti ilirudi saa tisa na dakika kumi na sita. Keshokutwa, saa tisa na dakika kumi na mbili.

"Pampu gani hiyo inayowahi dakika nne kila siku?" Rukia akauliza.

Shamte hakucheka tena. Mambo ya duniani hufuata saa zetu. Nyota ndizo huwahi dakika nne kila siku. Rukia akaandika mahali sauti inapotoka, akampa Shamte karatasi.

Usiku ulipoingia, Shamte akaelekeza darubini ya picha mahali pale. Hiyo hupiga picha kupitia vioo vitano vya rangi. Cha buluu, giza. Kijani, giza. Njano, giza. Chekundu, giza. Katika cha tano, chenye wekundu usioonekana kwa jicho la mtu, palikuwa na nukta. Akadhani ni vumbi. Akaifuta skrini kwa mkono wa shati, akafuta tena.

"Utaitoboa, baba," akasema Bi Tunu.

"Ipo, Bi Tunu! Kwingine kote haipo, hapa ipo. Kama mtu anayechungulia mlango mmoja tu."

Bi Tunu akaitawanya nuru ile, kama mvua inavyotawanya mwanga wa jua zikatoka rangi za upinde, akapima rangi zake zimesogea kiasi gani kuelekea wekundu, maana nuru itokayo mbali zaidi husogea zaidi. Alipima siku kumi na moja. Akakosea, akaanza upya. Alipomaliza alivua miwani.

"Ni kwazari," alisema. "Shimo jeusi linalomeza gesi, na gesi huwaka kabla ya kumezwa. Nuru hii iliondoka kwake karibu miaka bilioni kumi na tatu iliyopita. Jua letu hili halikuwapo."

"Na penyewe bado panawaka?" Rukia akauliza.

"Sijui, mwanangu. Salamu zimetufika. Hali ya aliyezituma anaijua Mungu."

Rukia alihisi kama wamefungua barua ya marehemu.

Sasa, dunia ingekipa kitu kile namba. Lakini kituo kilikuwa na desturi yake: kinachogunduliwa pale huandikwa ukutani kwa jina moja, na jina huchaguliwa na aliyekigundua. Mkuu wa kituo akaja na brashi na rangi.

"Nani kakipata?"

"Mimi," alisema Rukia. "Bila sikio langu msingejua pa kutazama. Nilizaa mtoto, akaishi siku tano. Jina lilikuwa la baba yake kulitoa siku ya saba. Aliporudi safari alikuta kaburi, akashindwa kulitamka. Mwanangu ana kaburi, hana jina. Lile nililomchagulia mimi, miaka tisa nimelibana kinywani."

"Pole, dada," alisema Shamte. "Ila bila jicho langu ungebaki na mkwaruzo. Ndugu yangu Kibwana alifukiwa machimboni, hatukumpata. Ana jina, hana kaburi. Nikitaka kumwombea sijui nigeukie wapi. Nipeni hata nukta."

Bi Tunu akaikunja karatasi yake ya hesabu.

"Bila hesabu yangu ingekuwa nukta kama nyingine. Nami naomba isipewe jina lolote. Mume wangu alipokufa nilimwita kila nilipoingia nyumbani. Jioni moja, wanangu, nikaitikiwa. Tangu siku hiyo sijamwita tena, namwombea tu. Tusikiite kitu ambacho hatujui kama kitaitika."

Mkuu akaiweka brashi katikati ya meza. Mkono wa Rukia ulinyooka, ukasita hewani. Jina lilikuwa tayari kwenye ulimi wake. Akawatazama wenzake wawili, na hakuna aliyeinua macho.

Nanyi mlionisikiliza, mngemkabidhi nani brashi ile: mwenye sikio, mwenye jicho, au mwenye hesabu? Amueni, na mtuambie kwa nini.

Ee Mola, warehemu waliotutangulia, wakubwa kwa wadogo. Waangazie walipo, na utukutanishe nao kwa wema. Amina.