Uyoga Uliomngoja Mwonjaji

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitika kivivu. Na nyinyi watu wazima huko nyuma, mnaojifanya mmekuja kuwasindikiza watoto tu, itikieni na nyinyi. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Ngano ya leo inaanza kwa vicheko, halafu inageuka. Nimeisimulia mara nyingi, na kila nikifika pale inapogeuka mwili hunisisimka.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika, kulikuwa na msitu kaskazini, kaskazini kabisa, nchi ambayo baridi yake si hii yenu ya kujifunika khanga. Huko mvua huganda ingali angani. Hudondoka nyeupe kama unga, ikafunika njia, ikafunika mashimo, ikafunika chakula chote. Wanyama hulala na njaa. Hungoja. Hungoja weee, mpaka siku theluji inapoanza kuyeyuka kwenye matawi ya misonobari, to, to, to. Na chakula cha kwanza kuchomoza ardhini, kabla ya jani, kabla ya tunda, ni uyoga.

Uyoga mzuri wa nchi ile uliitwa uyoga wa sega. Kichwa chake kina vishimo vishimo, kama sega la nyuki. Ukipikwa ukaiva, utamu wake usiulize.

Mpishi wa msitu alikuwa Kalunguyeye, mama mfupi, miiba mgongoni, maneno mengi mdomoni. Mwonjaji alikuwa Nguruwe Mwitu, kama baba yake na babu yake. Desturi ilikuwa hivi. Mpishi haonji, hata chumvi haonji. Nguruwe hula bakuli lake asubuhi, peke yake, wote wakimtazama. Jua likifika utosini naye bado amesimama, chakula ni salama, wote wanakula. Akianguka, chungu kinamwagwa. Wote waliiona desturi hiyo ni nzuri. Hata Nguruwe mwenyewe aliiona nzuri, maana alikuwa anakula wa kwanza.

Tena Kalunguyeye na Nguruwe walikuwa watani. Koo zao zilitaniana tangu enzi na enzi. Wakikutana tu, matusi. Kalunguyeye humwuliza Nguruwe mbona hafi, watu wanangoja pilau ya matanga. Nguruwe humjibu kwamba atatangulia yeye, na miiba yake watu watachokolea meno. Basi hucheka mpaka machozi yanawatoka. Walipendana sana wale wawili.

Mwaka mmoja baridi ilizidi. Wazee walikufa mashimoni mwao. Theluji ilipoanza tu kuyeyuka, Mbweha akaja mbio, amebeba kikapu kimejaa uyoga. Uyoga umewahi, akasema, ameukuta chini ya misonobari, mwingi, hauna mwenyewe.

Kalunguyeye akachukua mmoja akautazama. Akaugeuza. Haukuwa na vishimo. Ulikuwa na mikunjo, mikunjo imejipinda huku na huku kama ubongo wa mbuzi, na rangi yake nyekundu ya udongo. Roho ikamwambia hapana. Akamwuliza Mbweha ni uyoga gani huu usio na vishimo. Mbweha akasema ni uleule, mwaka huu umejikunja kwa baridi.

Kalunguyeye akatazama nyuma. Wanyama wamekwisha kupanga mstari na mabakuli yao. Dubu, mkubwa wa msitu, amewashika wanawe mkono, na mbavu za wale watoto zinahesabika. Akanyamaza. Akajisemea moyoni, si mwonjaji yupo? Nguruwe ataonja, tutajua.

Mnasikia? Mpishi aliona, akanyamaza, kwa sababu kuna mwingine wa kufa kwanza. Na kila aliyekuwa kwenye mstari alikuwa ametegemea hivyohivyo.

Basi akapika. Chungu kikachemka, tokota tokota tokota. Nguruwe akaletewa bakuli lake. Akalamba mpaka chini, akacheua, akasema mpishi anazeeka, chumvi imepungua. Wote wakacheka. Akakaa juani akangojewa.

Kalunguyeye alibaki pale motoni akikoroga. Mvuke unampiga usoni. Anakoroga, mvuke unampiga. Mara kichwa kikaanza kumgonga, gwa, gwa, gwa. Tumbo likamchafuka. Akadhani ni njaa. Akaendelea kukoroga.

Jua likafika utosini. Nguruwe akasimama, tena akacheza, akapiga kwato chini, pu, pu, pu. Wanyama wakapiga vigelegele. Mstari ukasogea. Mtoto wa Dubu akanyoosha bakuli. Kalunguyeye akachota upawa wa kwanza, akageuka pembeni akatapika.

Kikatoka nini? Maji matupu.

Akayatazama yale maji. Hakula kitu. Mpishi haonji. Tangu jana hakuna kilichopita mdomoni mwake, isipokuwa mvuke wa chungu kile. Kama mvuke tu umemfanya hivi, mchuzi wenyewe utafanya nini?

Akashika kisu, akaenda kikapu kilipokuwa, akatwaa uyoga mbichi mmoja, akaupasua kutoka kichwani mpaka mguuni. Kisha akautungua uyoga mkavu wa mwaka jana uliokuwa ukining'inia juu ya jiko, ule wa sega, nao akaupasua vilevile. Akaiweka miwili sambamba. Wa sega ulikuwa mtupu ndani, uwazi mmoja tu tangu ncha hadi shina, ungeweza kuupuliza kama filimbi. Huu wa Mbweha ulikuwa umeshindiliwa, vijichumba vijichumba, na nyuzinyuzi kama sufi ya mto. Haikuwa ndugu hii miwili. Nje ilifanana kidogo, ndani haikujuana.

Kalunguyeye akakisukuma chungu kwa mabega yake yote. Pwaaa! Mchuzi ukamwagika, theluji ikaunywa.

Wanyama waliokaa na njaa miezi na miezi wakatazama chakula chao kinatoka mvuke ardhini. Mtoto wa Dubu akaanza kulia polepole.

"Wanangu wangekula leo," Dubu akasema.

Kalunguyeye akaeleza, maneno yanamtoka ovyo, anawaonyesha uyoga uliopasuliwa. Mbweha akauliza kwani mwonjaji ameanguka? Si yule amesimama? Wote wakageuka wakamtazama Nguruwe, mzima, mashavu yanang'aa.

Kalunguyeye akamwendea, akamshika mguu. "Nguruwe, umekula sumu. Twende kwa mganga sasa hivi, kabla haijaanza."

Nguruwe akacheka. "Leo umenipata, mtani. Umengoja pilau ya matanga mpaka umechoka."

"Sikutanii."

"Kila siku unasema hunitanii."

Kalunguyeye akalia. Msitu mzima ukaangua kicheko, maana watani wa nchi ile hata machozi ya uongo walikuwa hodari kuyatoa. Alivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kucheka. Akamvuta kwa nguvu, na yeye ni mfupi, na yule ni pandikizi la nguruwe. Wakashika mbavu.

Jua lilipokuwa likitua Nguruwe akaanza kutapika. Akatapika mpaka akapepesuka. Kalunguyeye akamshika kichwa. Lakini kulipokucha Nguruwe akaamka, akanywa maji, akasema amepona, kumbe ni tumbo dogo tu, watu wakose karamu kwa ajili hiyo? Wanyama wakamgeukia Kalunguyeye kwa hasira kubwa. Dubu akamnyang'anya upawa. Watoto wakamrushia theluji. Hata yeye akaanza kujiuliza, labda nimekosea, labda nimewanyima wenye njaa chakula chao.

Hakukosea. Ile sumu ilikuwa imejificha tu. Siku iliyofuata macho ya Nguruwe yakawa ya manjano kama kiini cha yai. Akalala chini asiinuke. Kalunguyeye akakaa kando yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao hakuna aliyemtukana mwenzake.

"Ile siku hukuwa unanitania?" Nguruwe akauliza.

"Hapana."

"Angeniambia mwingine, ningesikia."

Akafa.

Jamani, msitu ulipigwa na butwaa. Nguruwe yule? Aliyesimama jua likiwa utosini? Aliyecheza? Walikuja mmoja mmoja wakamtazama hawaamini. Dubu aliwatazama wanawe, akaangalia mabakuli yao. Desturi ya babu zao ilikuwa imewaambia kuleni. Upawa mmoja tu, nao wote wangekuwa wamelala pale.

Wakamzika. Na njaa, hiyo haingoji matanga kwisha. Mbweha akarudi na kikapu kingine. Huu una vishimo, akasema, safari hii ni wenyewe. Wanyama wakatazamana. Kisha Dubu, kwa sauti ya upole, akamwita binti wa Nguruwe, maana kazi ya kuonja ni ya ukoo. Yule binti, macho yangali mekundu kwa kilio, akatoka mbele. Ameshika bakuli la baba yake.

Kalunguyeye alilitwaa lile bakuli mikononi mwake, akalipiga juu ya jiwe, likavunjika vipande.

"Uyoga hauonjwi," akasema. "Unapasuliwa."

Akamkabidhi Dubu kisu. Na Dubu, mkubwa wa msitu, akaketi chini kwenye theluji na kikapu katikati ya miguu, akaanza kupasua, mmoja mmoja, kichwani mpaka mguuni.

Funzo ni hili, watoto na nyinyi wakubwa. Ukiona kitu kina kasoro, sema na ukikague wewe mwenyewe. Usimweke mwenzako mbele awe kipimo chako. Na uyoga usioujua vizuri, uache ulipo.

Hapa ndipo ngano yangu inapokomea. Aliyesikia na asikie, aliyelala aamshwe aende kwao.